Barua kwa mwanangu aliyeuliza habari za Meja Sandeep

Mwanangu kipenzi,

Assalaam aleikum. Mimi mzima, ila magoti, na joto hili la kungoja kaskazi ishike. Hofu ni kwako wewe huko kwenye baridi.

Swali lako la Jumapili sikulijibu. Uliniambia mmepewa fomu za kuomba kwenda Ruiru, kwenye Recce, kile kikosi cha makomando wa polisi wa GSU, na kwamba yako umeijaza yote isipokuwa kisanduku kimoja. Kisha ukauliza: “Mama, tangu nikiwa mtoto, kila ikifika mwisho wa Novemba wanisimulia habari za yule Meja Sandeep wa India aliyeuawa Mumbai. Ulikuwa ukinifundisha kufa?” Nikasema nina chungu motoni. Hapakuwa na chungu. Nilikata simu nikakaa barazani mpaka adhana ya magharibi.

Sasa nakujibu kwa kalamu. Kwenye simu ningelia, wewe ungeanza kunibembeleza, na swali lako lingezama hapo.

Kuna jambo sikuwahi kukueleza vizuri. Mwaka 2002 nilikuwa mhudumu wa vyumba kwenye hoteli moja ya Shanzu, nawe una miaka mitatu, washinda kwa bibi yako Kisauni. Vikundi vya ngoma vya Kigiriama vilikuwa vikizunguka hoteli zote za huku kaskazini. Wale kina mama walipita mlango wa nyuma, mlango wetu wa wafanyakazi, mahando yao, zile sketi za ngoma, kwenye majuala, wakibadilisha nguo kwenye stoo yangu ya shuka. Tulipeana maji, tulipeana habari za watoto. Asubuhi ya 28 Novemba gari liliingizwa kwa nguvu kwenye hoteli ya Paradise, Kikambala, likalipuka. Mbali na waliolileta bomu, walikufa watu 13: Waisraeli watatu, wawili kati yao watoto, na Wakenya 10, wakiwemo wacheza ngoma waliokuwa wamekuja kuwapokea wageni. Dakika zizo hizo makombora mawili yakarushiwa ndege ya Waisraeli iliyokuwa ikipaa kutoka uwanja wa Moi. Yaliikosa, Mungu ashukuriwe. Lakini wale wa ngoma bomu halikuwakosa. Walikuwa wanaimba karibu, mwanangu. Mtu auawe na neno “karibu” kinywani!

Tangu siku hiyo nikitandika kitanda nasikiliza lango.

Miaka sita ikapita. Jumatano, 26 Novemba 2008, niko zamu ya usiku, tumekaa kantini na sahani za wali, televisheni ikaonyesha kuba la hoteli ya Taj Mahal kule Mumbai na moshi. Vijana kumi walikuwa wametoka Karachi kwa bahari. Njiani waliteka mashua ya wavuvi, Kuber, wakamuua nahodha wake, wakatua ufukweni kama wavuvi wanaorudi. Jambo hili lilinichoma pahali pangu. Babu yako alikuwa baharia wa majahazi, na kwa wazee wake Bahari ya Hindi ilikuwa kama uwanja wa nyumba: kaskazi inawaleta watu wa Hindi na vitambaa vyao na vigae vya Mangalore, hivi ambavyo ukiinua macho Mji wa Kale bado waviona juu ya paa, na kusi inawarudisha. Kalikuti, babu yako alivyoiita, kwake ilikuwa jina la mji jirani. Na kumbe huko Kalikuti, ambako siku hizi waita Kozhikode, ndiko alikozaliwa huyo Sandeep Unnikrishnan mwaka 1977. Alikulia Bangalore, mtoto wa pekee, babake mfanyakazi wa shirika la anga za juu la India. Aliingia jeshini 1999, na kuanzia 2007 akawa kwenye kikosi cha NSG, makomando wa India wa kupambana na magaidi, wale wavaao nyeusi wanaoitwa Paka Weusi.

Makao ya kikosi hicho yalikuwa Manesar, karibu na Delhi, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Mumbai. Makomando walifika asubuhi ya Alhamisi. Wenyeji walikesha peke yao. Usiku ule ndio polisi wa kawaida, Tukaram Omble, mwenye rungu tu mkononi, alipoishika bunduki ya muuaji kwa mikono miwili akakataa kuiachia mpaka akafa. Kwa ajili yake mmoja kati ya wale kumi alikamatwa hai. Na mle Taj wafanyakazi walijipanga mbele ya wageni. Meneja wao, Karambir Kang, aliendelea kuwatoa watu huku mkewe na wanawe wawili wamo juu, na wote watatu walikufa. Nilikuwa mtu wa hoteli, kwa hiyo hao nawaombea kama ndugu wa kazi.

Mwaka uliofuata India ikaweka vituo vya NSG katika miji mingine, Mumbai ukiwemo. Nawe wayajua ya Garissa kuliko mimi: 2 Aprili 2015 magaidi waliingia chuo kikuu alfajiri, Recce ikaingia jioni, ikamaliza kazi kwa muda mfupi, na watu 148 walikuwa washakwenda, wengi wao wanafunzi. Kuchelewa si kosa la kijana anayeshuka kwenye ndege na kofia yake ya chuma. Lakini mzigo wa zile saa hutwikwa yeye.

Nakwambia haya kwa sababu ya ngazi. Nimefanya kazi ya vyumba miaka 19, na najua hoteli ilivyo usiku, taa zikizimika. Zulia linameza nyayo. Korido zote zafanana. Mlango mmoja una mgeni aliyejifungia bafuni akitetemeka, wa pili hauna mtu, wa tatu una aliyeshika bunduki, na kwa nje milango yote ni mbao ile ile na namba ya shaba. Mimi nilikuwa na ufunguo mmoja wa vyumba vyote na bado nikibisha hodi mara tatu. Wao waliingia jengo la mamia ya vyumba wasilolijua, na wauaji wamekaa humo tangu jana yake, washalizoea. Kila mlango ilibidi wauendee. Huwezi kurusha tu risasi ndani, kwa maana ndani yaweza kuwa mama wa mtu.

Usiku wa kuamkia Ijumaa, tarehe 28, Meja Sandeep aliongoza vijana wake humo. Waliwatoa mateka 14. Katika kuvamia, komando mmoja, Sunil Yadav, akapigwa risasi. Sandeep akamkinga, akahakikisha ametolewa akatibiwe. Ndipo akawafuata magaidi ngazini. Inasimuliwa kwamba maneno yake ya mwisho kwa wenzake yalikuwa: “Msije juu, nitawashughulikia.” Walimpiga risasi huko juu, akafa. Alikuwa na miaka 31. Magaidi wa Taj walimalizwa asubuhi ya Jumamosi, na tarehe 26 Januari 2009 nchi yake ikamtunukia Ashoka Chakra, nishani yao kubwa kabisa ya ushujaa wakati wa amani.

Tarehe 28 Novemba. Uliona? Nilirudi nyumbani Ijumaa ile asubuhi, wewe una miaka tisa, umevaa sare ya shule, na mimi kichwani nina wale kina mama wa mahando, miaka sita kamili. Ukaniuliza mbona nalia. Sikuweza kukwambia ya Kikambala, ulikuwa mdogo na pale ni karibu mno, twapita na matatu tukienda Kilifi. Nikakusimulia ya Mumbai. Ndivyo ilivyoanza. Nilikuwa natafuta mtu wa kukwambia kwamba alikuja. Kikambala hakuna aliyewahi kuwafikia wale, ilikuwa kufumba na kufumbua. Taj alikuwepo mtu aliyepanda ngazi.

Basi jibu lako ni hili: la, mwanangu. Sikukufundisha kufa. Kila mwaka nilikusimulia kwa mpangilio ule ule na sikuubadilisha hata mara moja, nawe kama unakumbuka ulikuwa ukinikatiza, “sasa sema walivyompiga,” nami nakurudisha nyuma: kwanza mateka 14. Halafu mwenzake aliyejeruhiwa. Yeye mwisho. Niliyataka yale mawili ya kwanza yakukae. La tatu nililisema upesi upesi kwa sababu lilinishinda.

Kama alikosea kupanda peke yake, waulize wakufunzi wako, mimi silaha sijawahi kuishika. Najua tu kwamba kati ya makomando wote wa NSG walioingia Mumbai ni wawili ambao hawakurudi, yeye na Havildar, yaani sajini, Gajender Singh aliyeuawa Nariman House, jengo jingine lililovamiwa. Aliowaambia wasije juu walirudi kwa mama zao. Na najua pia kwamba nikiwa kwenye mswala, peke yangu, nasema laiti angengoja mmoja wao. Mambo hayo mawili nayabeba pamoja na sijapata njia ya kuyapatanisha.

Kuna habari moja ya babake ambayo sikukupa ulipokuwa mdogo. Baada ya mazishi, mzee Unnikrishnan alikuta akaunti ya mwanawe haina pesa alizodhani. Kumbe kijana alikuwa akizitoa kwa mashirika ya kusaidia watu, kimya kimya, wazazi hawana habari. Hilo ndilo laniliza zaidi ya nishani. Mzazi amjue mwanawe kwa karatasi za benki, na mwenyewe hayupo wa kuulizwa. Wewe uniambie ungali hai. Ukimlipia mtu karo, niambie. Ukiogopa, niambie.

Sasa nije kwa la hapa kwetu, na hili usilipite haraka. Ulikuwa darasa la nane polisi walipoingia Msikiti Musa, Majengo, tarehe 2 Februari 2014. Risasi zililia, nikakufungia ndani siku mbili. Kwenye mitaa hii kuna mama ambaye mwanawe alirubuniwa akavuka Somalia, na jirani yake kuna mama ambaye mwanawe alichukuliwa na watu wasio na sare, na hadi leo si mahakamani, si mochari, si kaburini. Wote wawili huja msibani tukaketi mkeka mmoja. Watoto hapa wakiona lori la GSU husema “Fanya Fujo Uone” wakakimbia. Wewe ni wa mtaa huu. Siku ukitumwa kuvunja mlango wa mama kama huyo usiku umtoe mwanawe asionekane tena, kumbuka kwamba mimi nilikusimulia juu ya mtu aliyeingia ndani kuwatoa watu wakiwa hai. Kama hiyo Recce uiombayo ni ya kazi ile nyingine, fomu ichane leo. Kama ni ya kazi ya Garissa, ya lile jengo la maduka la Westgate kule Nairobi, ya kumfikia msichana aliyejificha kabatini hana hewa, sitakuzuia. Siwezi kusema nakuruhusu kwa furaha, mdomo wakataa. Sikuzuii.

Nimempa dereva wa basi la usiku mfuko wako: mabuyu, achari ya ndimu, na ule ukwaju uliouomba. Kuna na soksi za sufu mbili, alizifuma mama yake shoga yangu. Uchukue mwenyewe ofisini kwao kesho kabla ya adhuhuri, usimtume mtu.

Na kile kisanduku ulichoacha wazi, cha jamaa wa karibu. Nilijua ni hicho, hukuwa na haja ya kunificha. Usiandike jina la mjomba wako ili kuninusuru mimi. Andika majina yangu, yote matatu, kama yalivyo kwenye kitambulisho, na namba yangu ya simu. Siizimi usiku.

Mamako,
Kisauni