Jibu: kidonge cha kuyeyuka ulimini na fadhaa ya mgonjwa wa akili
Dada yangu wa Ngamiani, umeuliza iwapo kidonge cha olanzapini (dawa ya magonjwa ya akili) kinachoyeyuka ulimini kitamtuliza mdogo wako mwenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwepo, upesi kuliko kile cha kawaida, nami nakupa pole sana kwa mikesha ya kumuuguza. Kidonge hicho huyeyuka kwa sekunde chache, lakini dawa yenyewe humezwa pamoja na mate na kuingia mwilini kupitia tumboni, kwa hiyo kasi yake haikipiti kidonge cha kumeza. Faida yake, ambayo mimi naiona kubwa, ni kwamba ni vigumu mgonjwa kukificha shavuni kisha akakitema uani. Dawa inayopenya moja kwa moja kwenye utando wa mdomo ni nyingine, deksimedetomidini ya kutuliza, kijikaratasi chembamba kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2022 kwa fadhaa (kuhangaika na kutotulia) ya skizofrenia na baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, nacho huweza kushusha shinikizo la damu na mapigo ya moyo, ndiyo maana hutumiwa mbele ya mhudumu wa afya. Zungumza na daktari wake kwanza, ukishike kidonge hicho cha kuyeyuka kwa mikono mikavu, na tafadhali usimchanganyie dawa kwenye uji kwa siri, maana akigundua hatakubali tena chakula cha mkono wako.