Maswali ya Wasomaji: Maria Mitchell Alifikaje Uprofesa?

SWALI: Ndugu Mhariri, binti yangu anapenda elimu ya falaki, na katika kusoma naye tumekutana na jina la Maria Mitchell wa Marekani, ambaye inasemekana alikuwa profesa ilhali yeye mwenyewe hakuwahi kusoma chuo. Je, ni kweli? Na je, alipewa kazi hiyo kwa sababu tu aligundua nyota yenye mkia? – Mama msomaji

JIBU: Mama, ni kweli kwamba hakusoma chuo, lakini si sahihi kudhani kwamba usiku mmoja wa bahati ndio uliompa uprofesa. Alizaliwa mwaka 1818 katika kisiwa cha Nantucket, jimbo la Massachusetts, katika familia ya Wakwekeri, dhehebu la Kikristo, waliowasomesha mabinti sawa na wavulana. Kisiwa hicho kiliishi kwa uvuvi wa nyangumi, na baba yake, William Mitchell, alikuwa akizisahihisha saa za meli kwa kupima mahali pa nyota, kwa kuwa nahodha mwenye saa isiyo sahihi hawezi kujua longitudo yake baharini, yaani yuko umbali gani mashariki au magharibi. Maria alijifunza hesabu hizo kwa kuzifanya. Mwaka 1831, akiwa na umri wa miaka 12, alimsaidia baba yake kupima muda wa kupatwa kwa jua.

Baadaye alikuwa mkutubi kwa takriban miaka 20, na humo maktabani alijisomea vitabu vigumu vya hisabati ya anga. Tarehe 1 Oktoba 1847, akiwa na darubini juu ya paa la benki alimofanya kazi baba yake, aliona nyota yenye mkia ambayo haikuwa imeripotiwa, na mfalme wa Denmark akamtunukia nishani ya dhahabu. Tangu 1849 alikokotoa majedwali ya mwendo wa sayari ya Zuhura kwa ajili ya kitabu cha mwaka cha mabaharia wa Marekani. Kwa maoni yangu, kazi hiyo ya kimya inaonyesha uwezo wake kuliko nishani yenyewe, ingawa ni nishani iliyolieneza jina lake.

Chuo cha wanawake cha Vassar, katika jimbo la New York, kilipofunguliwa mwaka 1865, aliajiriwa kuwa profesa wa falaki na kukabidhiwa darubini yenye lenzi ya inchi 12, akawa anaishi katika jengo hilohilo la darubini. Mshahara wake ulikuwa dola 800 kwa mwaka pamoja na malazi, ilhali maprofesa wanaume walilipwa dola 2,500. Yeye na mwenzake, daktari Alida Avery, hawakunyamaza, bali walidai haki yao. Darasani hakupenda kutoa alama, kwa sababu aliamini kwamba akili ya mtu haipimiki kwa namba, na alitaka wanafunzi waangalie anga wenyewe na kukokotoa walichokiona badala ya kukariri. Mwaka 1869 aliwachukua baadhi yao hadi Burlington, Iowa, na mwaka 1878 hadi Denver, kushuhudia kupatwa kwa jua, safari ambazo wakati ule wasichana wachache mno walipewa nafasi ya kuzifanya kwa ajili ya sayansi.

Alistaafu mwaka 1888 na kufariki mwaka uliofuata. Nafasi yake ilichukuliwa na Mary Whitney, mwanafunzi wake wa zamani. Na Antonia Maury, aliyehitimu Vassar mwaka 1887, alikwenda Harvard kuainisha nyota kwa kuuchambua mwanga wake.