Bagi ya Mota Isiyo na Brashi: Maswali Yenu

Barua za safari hii karibu zote zinatoka kwa watu wanaotaka kununua bagi ya umeme, yaani gari dogo la kuchezea linaloongozwa kwa rimoti, lenye mota isiyo na brashi (vile vipande vya kaboni vinavyosuguana ndani ya mota za kawaida), kwa ajili ya kukimbizia nje ya lami. Chache zimetoka kwa waliokwisha kununua na sasa wanajuta.

Ni bagi gani inayokimbia kuliko zote?

Swali hili hunifikia kila mara na jibu langu ni lilelile: tafuta ile ambayo siku mkono wa tairi utakapovunjika utapata mwingine bila kusubiri miezi miwili. Utauvunja.

Nina uwanja wa mpira wenye nyasi na changarawe pembeni. Nichukue ya kipimo cha 1/10 au 1/8?

Chukua ya 1/8, yaani iliyo sehemu moja ya nane ya ukubwa wa gari halisi. Bagi ya 1/10 ya mashindano imeundwa kwa ajili ya njia iliyosawazishwa. Tumbo lake liko chini na tairi zake ni ndogo, hivyo kwenye nyasi hulemewa, mota ikapata moto na safari ikaishia hapo. Ya 1/8 hupita juu ya vitu ambavyo mdogo wake hujikwaa. Hata hivyo, ikiwa na betri zake hufikia kilo tatu na nusu au zaidi, na uzito huo ukija kwa kasi ya pikipiki unaweza kuvunja mguu wa mtoto aliyekimbilia kutazama. Hukuniuliza habari ya watoto, lakini uwanja wa mpira hauwakosi.

Jambo jingine ambalo hukuliuliza ni fedha. Kabla ya kuingia dukani, tenga fungu la chaja inayosawazisha seli, la betri mbili, la mfuko wa kuzuia moto na la spea, kisha kinachobaki ndicho cha gari. Wengi hufanya kinyume, wakanunua gari la ndoto zao na chaja ya bei ya maandazi. Mimi nilikuwa mmoja wao: betri yangu ya kwanza ilivimba mezani mpaka ganda lake la plastiki likaachana kwenye mshono, na chaja ikaendelea kuwasha taa ya kijani kana kwamba mambo ni shwari.

Mota ya kV 3200 si ina nguvu kuliko ya kV 2050?

Hapana, na ningeomba wauzaji nao waache kusema hivyo. Herufi hizo hapa hazimaanishi kilovolti. Ni idadi ya mizunguko kwa dakika ambayo mota huzunguka kwa kila volti moja ikiwa haijabeba mzigo. Chukua mfano wa bagi iitwayo Arrma Typhon. Toleo la 3S lina mota ya 3200 na hutumia betri ya seli tatu, yaani volti 11.1, na ukizidisha unapata mizunguko 35,520. Toleo la 6S lina mota ya 2050, lakini kwa betri ya seli sita, yaani volti 22.2, hufika 45,510. Mwenye namba ndogo ndiye anayezunguka haraka zaidi, tena mota yake ni kubwa na ina msukumo mkubwa. Namba ya kV isomwe pamoja na idadi ya seli. Ukiisoma peke yake haikuambii kitu.

Gari langu linaruhusu seli tatu. Nikiweka nne?

Utaunguza kidhibiti mwendo, kile kifaa kinachogawia mota umeme wa betri.

Mota yenye sensa au isiyo nayo?

Sensa hukiambia kidhibiti mwendo mota imefika wapi katika mzunguko wake. Kwa kuruka matuta na kukimbia, isiyo nayo inatosha, ila itashtukashtuka kidogo wakati wa kuondoka polepole. Kwa mashindano, ambako kona hukatwa kwa utulivu wa kidole, lipia sensa.

Nimebadilisha mota, sasa gari linarudi nyuma ninapobonyeza kwenda mbele.

Mota isiyo na sensa ina nyaya tatu. Badilishana mbili zozote. Ikiwa ina sensa, usiguse nyaya, badilisha mwelekeo kwenye mipangilio ya kidhibiti mwendo. Ukiwa umefungua, weka kipande cha karatasi ya daftari kati ya pinioni (gia ndogo iliyo kwenye mota) na gia kubwa, zibane pamoja, kaza skrubu, kisha uitoe karatasi: nafasi inayobaki ndiyo sahihi. Gia zilizobanwa sana huchemsha mota, na zilizolegea hula meno ndani ya dakika chache.

Shemeji anakuja kutoka Dubai. Aweke gari na betri mbili za 6S kwenye sanduku?

Gari ndiyo, betri hapana. Betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi kwenye mizigo inayoingia tumboni mwa ndege. Hubebwa mkononi, kila moja ikiwa imezibwa ncha zake. Kipimo ni wati-saa: bila ruhusa ya shirika mwisho ni 100, na kati ya 100 na 160 ruhusa iombwe. Betri ya 6S ya mAh 5000 ni volti 22.2 mara ampea-saa 5, sawa na 111, kwa hiyo shemeji apige simu kabla ya kufika uwanjani. Betri mbili za 3S za uwezo huohuo, kila moja 55.5, zingempunguzia usumbufu, na magari mengi ya 6S hukubali mbili zilizoungwa mfululizo.

Betri ikae imejaa ili niwe tayari Jumamosi?

Isikae. Kwa kuhifadhi, kila seli iwe kwenye volti 3.8 hivi, ijaze hadi 4.2 asubuhi ya kuchezea, kwa ampea 5 ikiwa ni ya mAh 5000, nawe ukiwa humo chumbani.

Boksi linasema gari halipitishi maji. Naweza kulikimbiza ufukweni?

Maji ya mvua, sawa, ukikausha na kupaka mafuta beringi jioni hiyohiyo. Maji ya chumvi, usithubutu.