Mtoto akitoka Mkunazini, mwambie habari za Alhamisi

Mama mmoja ameniandikia. Mwanawe wa darasa la nne alipelekwa na wenzake Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa hapa mjini Unguja, akarudi kimya, usiku akauliza: "Mama, wale watu walikuwa wanafanya nini kila siku?" Mama hakuwa na jibu. Mimi ninalo, na nimelisubiri swali hilo kwa miaka mingi.

Nimesomesha historia hapa Unguja mpaka nywele zimeingia mvi. Mtoto hupewa soko, minyororo na mwaka 1873, Sultan Barghash alipotia saini mkataba wa kulifunga soko. Anakariri, anafaulu, anasahau. Ndiyo maana mimi huanzia shamba la mikarafuu.

Jumamosi hadi Jumatano ilikuwa kazi ya bwana, chini ya wasimamizi walioitwa nokoa na kadamu, ambao mara nyingi nao walikuwa watumwa. Alhamisi na Ijumaa wengi waliachiwa walime vikonde vyao vya muhogo, maana chakula chao kilitoka humo. Msimu wa karafuu ukifika, hata siku hizo zilikwenda. Wanafunzi wangu wa shamba walinielewa mara moja: kupanda juu, kuchuma, kuchambua, yaani kutenga karafuu na vikonyo vyake (makonyo), kuanika majamvini, kukimbilia majamvi wingu likitanda. Mmoja akauliza kama watoto nao walichambua. Nikamrudishia: kwenu nani anachambua? Darasa zima likacheka, maana ni wao. Somo hilo hawakulisahau, na wapo wanaonisimamisha njiani hadi leo kunikumbusha.

Halafu nikaja mjini: mahamali, yaani wapagazi wa bandarini, vibarua waliokodishwa na ujira wao wakagawana na bwana, wanawake waliovaa kaniki.

Mzazi mmoja alikuja shuleni akasema ninafukua makaburi. Nikaitwa ofisini, nikaambiwa nirudi kwenye tarehe. Bado linaniuma, kwa sababu mama yake babu yangu alikuwa mjakazi, yaani mtumwa wa kike, na katika posa ya dada yangu kuna mtu aliitaja asili hiyo kama dosari. Waliotaka ninyamaze darasani ndio hao hao wasionyamaza kwenye posa.

Basi wazazi, someni vizuri. Mtoto msimwanzie na mnyororo, mwanzieni na kazi, chakula na nguo. Michezo ya kuigiza bwana na mtumwa msithubutu. Kuna mtoto ataondoka na jina la utani maisha yake yote. Na acheni ule wimbo wa kwamba watumwa wa huku walikuwa kama watoto wa nyumbani. Mtoto wa nyumbani hauzwi. Hata amri ya uhuru ya 1897 ilimtaka mtumwa aende mwenyewe mahakamani kuuomba, na fidia akapewa bwana. Masuria, wajakazi ambao bwana aliwaweka kama wake, waliachwa nje mpaka 1909. Kwa mdogo inatosha kusema kuna wanawake waliochukuliwa bila kuulizwa. Akikua atakuuliza zaidi, nawe umjibu.

Nasema tena: kazi kwanza. Wewe mama uliyeniandikia, msimu ukifika mpeleke akachambue karafuu mpaka vidole vimchoke, ndipo mzungumze. Akikuuliza kama katika ukoo wenu alikuwemo mtumwa, mwambie unachokijua. Akiuliza kama alikuwemo bwana, mwambie vilevile. Hilo la pili ndilo nililoona wazazi wakilikimbia zaidi.