Mwalimu, baba ni mchungaji na mi nimeanza kuamini mambo ya zamadamu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mi ni binti wa miaka 21, kwetu Ukerewe ila saivi nasoma chuo Dar. Baba ni mchungaji, nimekulia kanisani toka mtoto mpaka kwaya ya vijana. Nyumbani tulifundishwa dunia ina miaka elfu 6, na yale ya zamadamu unajibu tu kwenye mtihani upate maksi, kuyaamini hapana. Sasa mwaka huu nasoma bailojia kwa kweli, saa nyingine mpaka saa nane usiku, na yananiingia. Nikisali najiona mnafiki. Likizo ya Desemba baba kashasema niandae somo la vijana, Mwanzo sura ya kwanza. Nifanyeje? Na ni kweli tumetoka kwa nyani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeirudia mara tatu, nimekuonea huruma sana hapo kwenye kusali.

Nyani kwanza. Hapana, hatujatoka kwa nyani hawa wanaoiba mahindi shambani. Hata sokwe wa Gombe sio babu zetu, ni ndugu wa ukoo, babu yetu wa pamoja aliishi kama miaka milioni 6 au 7 iliyopita, uzao wake ukagawanyika, wengine wakaja kuwa sokwe wengine wakaja kuwa sisi. Walimu tunasema "nyani" ili tumalize topiki haraka, na tunawaachia watoto mzigo.

We ni mtoto wa ziwani, kwa hiyo nakupeleka kwa furu, wale samaki wadogo wa ziwani. Ukifika nyumbani chukua furu wa aina tofauti uwapasue kooni, utakuta taya la pili huko ndani. Anayekula konokono ana meno mafupi manene kama magego, ya kupondea, na anayekula samaki wenzie ana meno yaliyochongoka. Kabla sangara hajawapunguza walikuwepo aina zaidi ya 500, wengi hawapatikani ziwa lingine lolote duniani. Na tope lililochimbwa chini ya Ziwa Victoria linaonyesha ziwa lilikauka kama miaka elfu 15 iliyopita. Sasa hao wote wametoka wapi? DNA yao inasema ni ndugu wa karibu sana, yaani wachache waliingia maji yaliporudi, waliozaliwa na taya la kufaa chakula fulani wakashiba wakazaa zaidi, kizazi baada ya kizazi, wakaachana. Evolusheni ndo hiyo, na umeila na ugali toka mdogo.

Kuhusu miaka elfu 6, hiyo namba haijaandikwa kwenye Biblia, fungua utafute. Ni watu walijumlisha umri wa akina Adamu na Nuhu, kama askofu mkuu Ussher wa Ireland karne ya 17, akapata mwaka 4004 kabla ya Kristo. Pale Laetoli, kule Ngorongoro, mwaka 1978, timu ya mtafiti wa mabaki ya kale Mary Leakey ilifukua nyayo za zamadamu waliotembea wima kwenye majivu ya volkano yaliyolowa mvua. Zina miaka kama milioni 3.6. Umri unajulikana kwa sababu kwenye majivu kuna potasiamu inayogeuka kuwa gesi ya agoni kwa mwendo usiobadilika, na mwamba ukiyeyuka gesi ya zamani inatoka, kwa hiyo saa inaanza upya kwenye sifuri. Niliwahi kupeleka wanafunzi makumbusho ya Oldupai kuna nakala ya nyayo zile, ndogo ina kama sentimita 18, mguu wa mtoto wa darasa la kwanza, kisigino kimezama na dole gumba limenyooka mbele kama la kwako. Darasa lote lilinyamaza.

Usifikiri we ndo wa kwanza kupita hapo. Louis Leakey mume wa Mary, naye mtafiti wa zamadamu, alizaliwa Kabete 1903, wazazi wake wamisionari wa Kianglikana, na yeye mwenyewe alitaka kuwa mmisionari. Lemaître, mwanasayansi wa Ubelgiji aliyeandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka, alikuwa padri. Mimi bado naenda kanisani na kaka yangu aliacha, sote tulisoma vitabu hivyohivyo, kwa hiyo sikuambii utaishia wapi. Ila kusali huku una maswali sio unafiki mwanangu, unafiki ni kusimama mbele ya vijana ufundishe usichokiamini.

Ndo maana hilo somo ongea na baba kabla, wala usisubiri ukiwa mimbarani umwaibishe mbele ya waumini, na usiandike kwenye grupu la familia. Kaeni wawili jioni mkishakula. Anza na shukrani, alikulea na anakulipia ada, halafu mwambie baba nimesoma vitu vinanisumbua na sitaki kukuficha. Muombe somo apewe mtu mwingine au ufundishe lingine, Zaburi ya 8 kwa mfano. Akikasirika usibishane, muage ukalale. Asubuhi ukamsaidie kazi kama kawaida, na kama mama ameleta furu, wapasulie hapohapo baba akiwepo, amuone huyo mwenye magego kooni kwa macho yake.