Fuata Deni Kabla ya Bei: Kwa Anayetaka Kutafiti Uchumi wa Jamii za Kale

Mwanafunzi mmoja wa uzamili ameniandikia akilalamika kwamba yeye anapenda uchumi wa falme za kale, lakini msimamizi wake anataka aanzie kijijini, akakae na wakulima. Ujumbe wake umenifikia siku chache baada ya jarida la kitaaluma kuikubali makala yangu kuhusu mikopo ya nafaka, makala ambayo msingi wake mtahini mmoja aliwahi kuukataa akidai kwamba madeni ya majirani ni habari za ukoo, si uchumi. Nimefurahi, na sitaficha kwamba kauli ile inanichoma hadi leo.

Basi, mdogo wangu, nenda kijijini, na ukifika usitangulize swali la bei. Uliza nani anamdai nani, na deni litalipwa msimu gani. Wenzangu walirudi na madodoso yaliyojaa bei za sokoni, mimi nikarudi na daftari la madeni, wakanicheka. Lakini daftari hilo lilionyesha jambo ambalo bei haikulionyesha: nafaka ileile ilikuwa na masharti tofauti kulingana na mkopaji. Ndugu alirudisha kipimo kwa kipimo, jirani alilipa kwa siku ya palizi, na mfanyabiashara alidai nyongeza baada ya mavuno. Aleksandr Chayanov, mchumi wa Urusi aliyeuawa mwaka 1937, alikwisha kueleza kwamba kaya ya wakulima haipimi faida kama kampuni, bali hupima mahitaji ya wanaokula dhidi ya uchovu wa wanaolima.

Sasa tazama manufaa yake kwa mtu wa mambo ya kale. Sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli wa karne ya 18 kabla ya Kristo, ziliruhusu riba ya thuluthi moja kwa mkopo wa shayiri, na moja ya tano kwa mkopo wa fedha, yaani madini ya fedha yaliyopimwa kwa uzito. Msomaji wa maktabani huona haraka kwamba mkopaji wa shayiri alinyonywa zaidi. Aliyeishi na wakulima husita, kwa sababu anajua kwamba nafaka hukopwa ghala likiwa tupu na bei iko juu, kisha hulipwa wakati wa mavuno, bei ikiwa imeshuka. Sehemu ya thuluthi ile huenda ilifidia tofauti hiyo tu. Sisemi kwamba hapakuwa na unyonyaji. Wafalme wa Babeli, akiwamo Ammisaduqa, wasingetoa amri za kufuta madeni kama watu wasingekuwa wamelemewa.

Hata hivyo, usikigeuze kijiji kuwa makumbusho. Mkulima wa leo ana serikali, kodi na simu; hakuwekwa hapo akuigizie Babeli. Wala usiipende nadharia kupita ushahidi. Karl Polanyi, mwanahistoria wa uchumi ambaye namheshimu sana, aliandika mwaka 1957 kwamba wafanyabiashara wa Ashuru waliokuwa Kanesh, katika Uturuki ya leo, waliendesha biashara isiyo na soko, yaani ambayo bei zake hazikuamuliwa na nguvu ya soko. Lakini vibao vya udongo vya huko, zaidi ya 20,000, vimejaa barua za watu wanaohangaikia faida, hasara na bei za bati na nguo zinazopanda na kushuka. Kijana anayetaka shahada bila kusoma barua hizo, na bila vumbi la shambani, anataka cheo, hataki elimu, na ninyi mnaokimbilia majedwali yaliyokwisha kuandaliwa na wengine mjichunguze.

Jambo la mwisho ni la kazi yenyewe. Huko Mesopotamia, eneo la Babeli na Ashuru, kibao cha deni kilivunjwa kwa kawaida deni lilipolipwa, kwa hiyo hati nyingi tulizo nazo huenda ni za madeni ambayo hayakulipwa, na picha yake imeelemea upande wa shida. Kijijini unaweza kuyaona yale ambayo udongo haukuyahifadhi: deni lililolipwa, lililosamehewa, lililohamishiwa kwa mtoto. Yape kila moja safu yake daftarini, na uende mara mbili, wakati wa kukopa na wakati wa kuvuna, kwa maana anayekwenda wakati wa mavuno pekee huonyeshwa maghala yaliyojaa na huambiwa kwamba hakuna anayedaiwa.