Je, jina Yona lina nuksi?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Mimi ni baharia, kwetu Mombasa, nafanya kazi na Waingereza kwenye meli ya mizigo. Safari iliyopita injini ilituzimikia mara mbili. Mkubwa mmoja akamtazama kijana aliyeajiriwa juzi, akasema, "Humu kuna Jonah." Nikaelezwa kwamba Jonah ndiye Yona kwa Kiingereza, na kwao ni mtu wa nuksi. Mwanangu wa miezi minne anaitwa Yona, na mama yake sasa anataka tumbadilishe jina. Tufanyeje?

JIBU: Amina, ndugu yangu. Kuhusu Kiingereza, umeelezwa kweli. Mabaharia wao tangu zamani humwita Jonah mtu ambaye akiwamo chomboni mambo huharibika. Neno hilo likapanda hadi nchi kavu, na mtu yeyote anayedhaniwa kuleta mkosi huitwa hivyo. Hata kasisi akipanda merikebuni walimhesabu Jonah, ati anavuta tufani.

Lakini kitabu chenyewe cha nabii Yona katika Biblia hakisemi hivyo. Nuksi, kama watu wanavyoiamini, humganda mtu bila kosa. Yona alikuwa na kosa, tena alilijua. Ametumwa na Mungu Ninawi, yeye akateremka Yafa, akalipa nauli ya kwenda Tarshishi, upande mwingine kabisa. Tufani ilifuata ukaidi wake, na alipoulizwa hakuficha: alisema wazi kuwa ni kwa ajili yake. Jina halikuhusika. Kwa Kiebrania Yona ni njiwa tu.

Na wewe ni baharia, basi usome polepole mstari wa 13 wa sura ya kwanza. Shehena imeshatupwa majini. Kura imeshamwangukia Yona, na mwenyewe ameshawaambia wamtupe. Wale mabaharia wasiomjua Mungu wake wanafanya nini? Wanashika makasia na kuvuta kwa nguvu zote kurudi pwani, wamwokoe abiria mmoja aliyewaponza! Waliposhindwa ndipo wakamtupa, tena huku wakiomba wasihesabiwe damu yake. Bahari ikatulia, wakamtolea BWANA dhabihu. Walioanza tufani kila mmoja akimlilia mungu wake, wakaimaliza wakimcha BWANA. Sioni mkosi hapo.

Bwana Yesu naye, alipoombwa ishara, alitaja ya nabii Yona: siku tatu katika tumbo la samaki, mfano wa kuzikwa kwake na kufufuka. Wayahudi husoma kitabu hiki alasiri ya Siku ya Upatanisho, siku yao takatifu kuliko zote. Na Ninawi, mji wenye watu zaidi ya 120,000, ulitubu kwa mahubiri ya Yona huyuhuyu.

Kwa hiyo msibadilishe jina la mtoto. Hofu ya mama yake usiidharau. Keti naye jioni moja msome sura zote nne, ni fupi, kisha mwombeeni mtoto mkimtaja kwa jina lake.

Anayenihuzunisha zaidi ni kijana yule wa melini. Injini ina fundi wake na ina sababu zake za kuzima, lakini yeye amebebeshwa lawama mbele ya wenzake, na pengine sasa wanamkwepa. Ukirudi kazini, chukua sahani yako ukale naye meza moja, wote wakiona.